Koti la Marehemu Likiwa Kwenye Kamba, Grainda Huzima

Admin, tafadhali ficha jina langu, na majina ya wengine nimebadilisha. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi Uthiru. Mume wangu alifariki mwaka jana. Binti yetu Neema ameolewa Kitale, kwa hiyo niko peke yangu. Siku hizi anayebisha hodi kwangu huwa amekuja kuniuliza niko upande gani.

Ukuta wetu wa nyuma unapakana na karakana ya jua kali ya fundi Wafula. Wanatengeneza milango na mageti. Grainda ya kukata chuma ikiwashwa, vikombe vyangu hutetemeka kabatini.

Mume wangu alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye maduka ya Ngara. Alikuwa akirudi asubuhi, anakunywa chai, analala. Tulipohamia hapa hakupata hata lepe la usingizi. Badala ya kwenda kugombana, alibeba chupa ya chai akaenda kuketi na Wafula. Wakakubaliana hivi: akiingia kulala, ataanika koti lake la kazi kwenye kamba ya nguo, mahali wanapoliona. Koti likiwa pale, wao wanapima, wanapaka rangi, wanapiga msasa kwa mkono. Akiamka analitoa, na grainda inaanza kulia.

Akizidisha usingizi, Wafula angeita juu ya ukuta, "Soja, toa koti! Mwenye geti amefika na mimi namwonyesha meno tu!"

Naye angetoka na kaptura akicheka, "Mwambie angoje. Kwani hiyo geti ina miguu?"

Mimi nikiwa jikoni nasonga ugali. Sikujua kwamba hayo ndiyo nitakayobaki nayo.

Alipofariki, Wafula alifunga karakana mpaka tukaondoka kwenda kumzika Bungoma. Hilo sijasahau. Wala sijamsahau jirani yangu wa upande wa pili, nimwite Mama Shiru. Matanga yote alilala nami kwenye godoro sakafuni, akinilazimisha kunywa uji kama mtoto.

Sasa magorofa yanajengwa kila upande na kazi ya Wafula imeongezeka. Ameleta mashine kubwa na vijana wapya. Kelele ni asubuhi mpaka jioni, hata Jumapili. Mimi nina presha, na daktari ameniambia nipumzike mchana. Mama Shiru anamuuguza mama mkwe aliyepooza. Chuma kikilia, yule mzee wa watu anashtuka na kutoa machozi. Wenye nyumba wamemwendea chifu wakitaka karakana iondolewe. Chifu ameitisha kikao Jumamosi hii, na amesema wa kwanza kusikizwa ni nyumba inayopakana nayo. Yaani mimi.

Mama Shiru alikuja. "Mama Neema, hatukuambii udanganye. Sema tu vile kichwa hukuuma. Ama ni mimi naota?"

Haoti. Anasema kweli.

Wafula naye akaja, kofia mkononi. "Mama Neema, wakinitoa hapa nitaenda wapi? Wateja wananijua hapa. Na hawa vijana, kila mmoja ana watu nyumbani."

"Basi fundi, si upunguze kelele?"

"Jumapili naweza acha. Lakini chuma haikatwi kwa kunong'onezewa, mama."

Juzi nikafua lile koti. Nilikuwa nimechelewa kulifua kwa sababu lilikuwa bado na harufu yake. Nikalianika pale pale pa siku zote, bila kufikiria. Grainda ikazima.

Nikasikia kijana akiuliza, "Fundi, stima imeenda?"

"Koti iko kwa kamba."

"Koti ya nani?"

"Ya soja. Chukua msasa."

"Si soja alikufa?"

"Nimesema chukua msasa, wewe!"

Niliingia ndani nikajilaza. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nililala mchana. Nilipoamka jua lilikuwa linashuka na koti lilikuwa limekauka zamani, nao bado wanapiga msasa. Mteja alikuwa langoni akifoka kwamba mlango wake hauko tayari, na Wafula anamwomba msamaha bila kumwambia sababu. Nikalitoa upesi, uso ukiniwaka kwa aibu. Sijalianika tena. Nikilianika kila siku, nitakuwa nimeifunga karakana mwenyewe, bila chifu.

Kuhama siwezi. Nyumba hii mume wangu aliijenga kwa mshahara wa kukesha. Neema ananiambia, "Mama, wewe nyamaza tu kikaoni." Lakini nikinyamaza mbele ya watu wote wanaojua ukuta ni wangu, Mama Shiru ataelewa nini?

Nikisema kweli, namfukuza mtu pekee mtaani ambaye bado anaulinda usingizi wa mume wangu. Nikisema kelele hainisumbui, namgeuka mwanamke aliyelala sakafuni nami, na yule mgonjwa wake ataendelea kulia.

Ninyi mngekuwa mimi, mngesimama mbele ya chifu mseme nini? Niambieni kabla ya Jumamosi. Ila mniambie polepole, kichwa bado kinauma.