Fuko Hawakula Nduma za Mama

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, maana kwetu hata kikohozi kinajulikana ni cha nani.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Nimeolewa upande wa Malava, lakini nilizaliwa kwenye miwa, hapa hapa Kakamega. Leo ni Jumanne. Mama yangu yuko mochari, tunamzika Jumamosi, na tangu wiki jana sijui kukaa. Nikikaa nasimama. Nikishika ufagio nauacha katikati ya uwanja. Watu wanasema ni uchungu wa mama. Uchungu upo, lakini kuna kingine kinachonitafuna.

Shamba letu linateremka hadi kwenye chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota. Juu yake kulikuwa na kinamasi. Nilipokuwa darasa la saba, kinamasi kile hakikuwa cha mtu. Kila mama wa kijiji alikuwa na mstari wake wa nduma, wengine huziita magimbi, pale, na mama yangu wa kwake. Nduma hazipendi pakavu, kwa hivyo zilipoishia ndipo mashamba yalipoanzia.

Kisha sukari ikashika moto. Kila mwanamume alitaka miwa mpaka mlangoni. Baba alikitamani kinamasi, lakini angewaambia nini wale akina mama? Mama yangu ndiye aliyepata njia. Jumapili moja ya kiangazi, wenzake wakiwa kanisani, mimi na yeye tuliteremka na mapanga. Tuling'oa mistari yote, hata wetu. Nduma nyingine tulizichonga kwa chini zionekane zimetafunwa, halafu tukarundika vichuguu vya udongo hapa na pale, kama vya fuko. Wenzake waliporudi, mama alikuwa wa kwanza kushika kichwa.

"Fuko wametumaliza," akasema, na wakalia pamoja.

Baada ya mwezi mmoja baba alichimba mtaro, akalima. Mpimaji wa kiwanda cha sukari akaja, akavuta kamba yake, na kinamasi kikaingia kwenye karatasi kama shamba letu la miwa. Miwa hiyo ndiyo iliyonisomesha, sikatai. Kaka yangu wakati huo alikuwa bado mgongoni.

Sasa miwa imepata bei tena, kila mtu anapanda. Kaunti nayo inazunguka ikipima vinamasi na chemchemi. Palipokuwa kinamasi hawataki mtu alime wala azike. Mama alipofariki, kaka akachagua kaburi. Kwetu mama huzikwa kando ya nyumba yake, karibu na mumewe. Kaka anachimba kule chini, ndani ya miwa, kwa sababu anajua palipo na kaburi la mama hakuna afisa atakayegusa. Nilienda kuona. Walipofika kiunoni, maji yalitoka.

"Utamlaza mama kwa maji?" nikamuuliza. "Na watu wanakunywa hapo chini."

"Tutapiga simiti, itakauka. Na wewe dada uliolewa, mambo ya hapa unatafutia nini?"

Jana kulikuwa na kikao kwa chifu. Afisa wa mazingira wa wadi alikuja, msichana mpole mwenye gambuti. Ramani ya zamani hana, ana ile karatasi ya kiwanda tu, kwa hivyo aliuliza nani anakumbuka. Wakasimama akina mama wawili waliobaki wa rika la mama yangu. Wakasema pale palikuwa kinamasi, walikuwanga na nduma.

Kaka akawauliza kwa heshima zote, "Sasa mama zangu, hizo nduma ziliisha aje?"

"Fuko alikula."

"Na fuko hukaa kwa maji?"

Wale wazee wa watu wakaangaliana, kisha wakakaa chini. Kaka hakuwa anadanganya, jamani. Hadithi ya fuko amelelewa nayo kama sisi tulivyolelewa na uji. Anaamini pale palikuwa pakavu tangu zamani.

Msichana wa gambuti akasema, "Nitaamua Alhamisi. Kama kuna mwenye anajua kitu ingine, akuje aseme. Kama hakuna, mazishi itaendelea hapo."

Aliniangalia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wa boma. Nikainamia viatu vyangu. Nilijichukia palepale na bado najichukia.

Nikisema, nitakuwa binti aliyemvua mama yake nguo siku mbili kabla ya kumzika, mbele ya wanawake aliowaibia. Kaka hatanisamehe, na nyumba ya mama sitaikanyaga tena. Nikinyamaza, mama atalala juu ya maji ya watu, na kinamasi kitakuwa miwa milele. Nimejaribu kusali. Nafika "Baba yetu," naanza kuwaza fuko.

Halafu leo asubuhi mmoja wa wale akina mama wawili amekuja. Tangu msiba uanze ndiye anayetuchotea maji ya kupikia wageni, kutoka chemchemi hiyo hiyo, na miguu yake ile mibovu. Ameniwekea karai mapajani. Ndani kulikuwa na miche ya nduma, bado ina tope.

"Ile siku ya fuko, mama yako alinishika mkono tukalia," akaniambia. "Hakuna mwenye alinililia hivyo tena. Hii panda kwa kaburi yake. Hapo chini itashika, maji iko."

Nikalibeba karai, nikaliweka mlangoni.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Keshokutwa nisimame kwa chifu niseme fuko tulikuwa mimi na mama, au nimenye viazi jikoni niache simiti imwagwe? Nishaurini kabla ya Alhamisi. Karai liko mlangoni, na kila anayepita ananiuliza nitapanda lini.