Swali Ambalo Binti Hakulifikisha

Mtaa wetu uliamshwa na nyundo ya fundi bati. Alitengeneza makarai, faneli na ndoo za kumwagilia maua. Ndoo ikitoboka, aliiziba ikarudi kazini. Leo plastiki ikipasuka hutupwa jalalani, na anayeuza hizo plastiki, duka la jirani, ni binti yake wa kumzaa.

"Muuaji wa babake, umeuza ngapi leo?"

"Ishirini, baba, na hakuna hata moja iliyompigia mtu kelele!"

Fundi alikuwa wa kabila dogo, na lugha ya mjini aliijua ya kununulia chumvi tu. Alipopata saratani ya tezi dume, hospitali ilimpasua vizuri, hilo silikatai. Ila wagonjwa wenye lugha ya wakubwa waliitwa pamoja na wake zao, wakaketi na mshauri wa kiume, mlango umefungwa. Watu wa kabila la fundi waliambiwa waje na watoto wao watafsiri. Zamani wodi ile ilikuwa na mhudumu mzee wa kwao, aliyewavuta wanaume pembeni akawaeleza mambo yao huku akiwatukana kwa mapenzi. Alipostaafu, nafasi yake ikafutwa. Maendeleo hayo.

Basi daktari akamwambia binti, "Baada ya upasuaji huu, mambo ya chumbani na mama huweza kulegea. Tiba ipo, ila aanze mapema. Muulize kama anaitaka."

Binti akamtazama baba yake, aliyekaa na kofia magotini, akimngoja.

"Anasema ule matunda, baba, na unywe maji."

"Mwambie nakunywa kama ngamia."

Binti akamgeukia daktari. "Anasema haina haja."

"Nilijua," daktari akasema, akiandika. "Wazee wa kwenu hawazipendi habari hizi."

Mwaka haujaisha, binti akamkuta mama yake chumbani anafunga mzigo.

"Nakwenda kwa mjomba wako. Baba yako kanichoka. Nikimgusa anaruka kama kaguswa na pasi. Analala karakanani juu ya magunia. Huyo mwanamke ni nani? Wewe unayefuatana naye, niambie!"

Binti angeweza kunyamaza mara ya pili. Akakaa sakafuni.

"Hakuna mwanamke, mama. Ni ule upasuaji. Daktari alisema unaweza kumlegeza, akasema na tiba ipo. Mimi sikumfikishia baba."

"Walikupa wewe useme hayo? Mtoto wake?"

"Hakukuwa na mwingine."

"Kaka yangu alikuwepo, na lugha ya mjini anaijua! Shemeji mtu ndiye wa maneno hayo. Ungekuja hata kwangu."

"Niliona haya."

Mama akaukalia mzigo wake, akalia. "Na mimi miezi yote hii namlaani mtu asiye na kosa."

Kesho yake mjomba aliingia karakanani, akakalia karai lililopinduliwa.

"Shemeji, nasikia jogoo hawiki."

Nyundo ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Kuku."

Fundi alicheka mpaka akajifuta macho, na kuyafuta kukachukua muda mrefu kuliko kicheko. "Nilidhani ni adhabu."

"Adhabu ya nini? Dhambi yako wewe ni kelele tu."

Mama akaufungua mzigo, fundi akarudi chumbani. Hospitali walikwenda wote wanne. Mshauri aliwaambia watajaribu, ila wasitarajie mengi. Miezi mizuri ya kuanza ilikwishapita. Mjomba ndiye aliyetafsiri, mlango umefungwa, binti yuko nje kwenye benchi.

Kando yake alikaa msichana na baba yake, wanaongea lugha ileile ya kina fundi. Muuguzi akachungulia.

"Wewe, njoo umtafsirie mzee."

Binti akamshika msichana mkono. "Mdogo wangu, huna mjomba?"

"Yuko mbali, dada," msichana akasema akicheka, akamwinua baba yake, wakaingia.