Nilitoka kwenye loop mapema, tangi la maziwa Bahati likanyamaza

Wakuu, niaje. Hii sijaongeza chumvi. Ningeweza kupunguza aibu kidogo, lakini nayo nimeiacha vile ilivyo.

Mimi ni mtu wa code. Naishi Nakuru mjini, nyumbani ni Bahati.

Kule kwetu kila boma hupeleka maziwa kwenye cooler moja ya ushirika. Yakishamwagwa kwa tangi hakuna yangu wala yako. Yakiharibika, ni ya wote.

Mathe ndiye aliniombea hii kazi. Yeye ambaye hata kwenye mazishi haongei, alisimama kwenye mkutano wa wanachama akasema, "Huyu kijana wangu amesomea hii kitu. Mpeni tu nafasi."

Wakanipa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Maziwa yakiletwa, program ya Python ipime joto, na yakipoa initumie message ya SAWA, kisha itulie mpaka maziwa mengine yaje.

Shida ilikuwa compressor, ile mashine ya kupoza tangi. Ikiwa on, sensor ya joto inasoma upuzi. Kwa hivyo program ilikuwa inaizima kidogo, inasoma mara kadhaa, halafu inaiwasha tena.

Hizo readings nilizitoa kwa generator. Si ile ya stima, wakuu. Hii ni function inayokupa kitu kimoja, kisha inasimama pale pale ikingoja uitishe kingine.

Kuzima compressor niliweka mwanzo. Kuwasha niliweka kwenye finally, ile sehemu ya kumalizia, mwisho kabisa. Nani hajui finally lazima i-run?

Nilijaribu na maji ya mfereji, ikafanya kazi safi. Mwenyekiti alifurahi mpaka akamwambia Mzee Kip, anayechunga tangi, "Jumapili sasa enda kanisa kama watu wengine."

Hiyo Jumapili maziwa yaliletwa asubuhi, watu wakaenda kanisa. Mimi nilikuwa Kikopey na marafiki, nyama iko mezani, SAWA ikaingia kwa simu. Nilizungusha simu meza nzima waione. Najichukia nikikumbuka.

Jumatatu lorry ya kubeba maziwa ikaja. Dereva akapima maziwa, yakaganda, yaani yameharibika. Akatikisa kichwa tu, akafunga mlango wake.

Tangi lote likamwagwa mtaroni. Wamama walisimama na mitungi yao mitupu wakiangalia. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana.

Kwenye code, hiki ndicho nilichokuta. Reading ikiwa nzuri, nilikuwa natoka kwenye loop, ule mzunguko wa kupima, kwa amri ya break. Kwa nini niendelee kupima maziwa yaliyopoa?

Lakini generator haijui umetoka. Ilibaki imesimama kwenye yield, pale inapotolea reading, ikingoja niitishe reading nyingine. Finally yake ingefanya kazi kama ningeifunga kwa close(), ama kama hakuna kitu kimeishikilia. Mimi nilikuwa nimeiweka kwenye variable ya program isiyozimwa.

Compressor ikabaki off, na tangi lenyewe ni kuukuu, halishiki baridi.

Maji ya mfereji hayakuwahi kupoa kwa ule muda mfupi wa kujaribu, ndiyo maana sikuona. Loop ilikuwa inafika mwisho kila mara. Maziwa yalipokuwa moto mashine iliyatunza. Yalipopoa vizuri ndipo ikayaacha.

Funzo: ukitoka kwenye loop mapema, funga generator mwenyewe. Weka closing() na with. Usiachie bahati.

Program imetolewa. Mzee Kip haendi kanisa tena.

Juzi nilienda kumwona mathe. Alikuwa anachuja maziwa, hakuinua macho.

"Ile Jumapili tulipita hapo kwa cooler na wamama tukitoka kanisa," akasema. "Nikasikia imenyamaza. Nikawaambia, si mnaona, mashine ya kijana wangu haina makelele kama ile ya zamani."

Akaongeza maziwa kwenye chujio.

"Miaka yote nasikia hiyo kitu ikinguruma. Si ningekupigia tu simu?"

Nikamwambia, "Mum, kosa ni langu. Ni code."

"Lakini ni mimi nilisikia."

Siku hizi maziwa yake yanapelekwa na jirani. Kwenye mikutano haendi, na kanisani nasikia anatoka kabla wengine hawajasimama.

Code nimerekebisha, ingawa hakuna anayeitaka. Semeni mtakalo, nichekeni hata mkitaka, lakini msinitumie link ya documentation. Nimeisoma sana.

Kama kuna mwenye mzazi kama wangu, aniambie: nitamweleza vipi mama kwamba hakufanya makosa kujivunia mimi?