Kamati ya Taa ya Dada

Shemeji yangu anaitwa Mshauri. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini ukimwita kwa jina hilo hata yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Ni mtunza stoo wa shule ya sekondari. Mtu mpole, halewi, hana makuu, na mshahara wake anaufikisha nyumbani. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani namchukia. Simchukii. Ananichosha tu.

Kinachonichosha ni kwamba hawezi kununua kitu mpaka kwanza kijadiliwe. Kitasa cha mlango wao kilipoharibika alianza kuulizia vitasa mtaa mzima: kipi imara, kipi kinashika kutu, kipi wezi wameshakizoea. Muda wote huo mlango ulikuwa unafungwa kwa kamba ya kiatu. Wezi wakaja, wakafungua kamba, wakachukua redio, na walipoondoka wakaifunga tena kamba vizuri kabisa. Mshauri alisema afadhali hakukurupuka, maana kitasa alichokuwa anakifikiria kingewashinda wezi wale na wangevunja mlango mzima.

Mkewe ndiye dada yangu, tumbo moja; mimi ni mdogo wake wa kike. Dada ni mpishi wa hospitali. Wagonjwa wakiamka wanakuta chai ipo, na chai haijichemshi yenyewe, kwa hiyo yeye hutoka nyumbani alfajiri giza likiwa bado totoro, anapanda baiskeli na kushika barabara kuu. Barabara hiyohiyo ndiyo ya malori ya mchanga. Madereva wa mchanga hulipwa kwa safari, na wanaendesha kama watu wanaofukuzwa.

Siku moja wakati wa mvua alirudi sketi imejaa tope upande mmoja. Akatuambia, mimi na mumewe, bila kupandisha sauti, "Leo lori limenipitia hapa," akaonyesha kiwiko. "Dereva hakuniona kabisa. Kile kioo chekundu cha nyuma si kilishavunjika? Nataka taa ya nyuma, ile ndogo nyekundu. Njia naijua, hata nikifumba macho nafika. Shida yangu ni wao wanione."

Mshauri akaweka kikombe chini. "Mke wangu, niachie mimi. Taa si kitu cha kukurupukia."

Nikakumbuka kitasa.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi barazani, ukuta mmoja na kinyozi, kwa hiyo yanayosemwa kwa kinyozi nayasikia nitake nisitake. Huko ndiko Mshauri alikoipeleka taa ya dada. Kabla ya wiki kwisha tayari kulikuwa na kamati. Kinyozi mwenyewe alikuwemo kwa sababu benchi ni lake. Alikuwemo mwalimu mstaafu aliyefundisha fizikia na ambaye bado anawasahihisha watu sentensi zao. Alikuwemo fundi redio, na dereva wa zamani aliyemwendesha mkurugenzi miaka mingi na hajapona tangu wakati huo. Katika hao wote, hakuna aliyepanda baiskeli tangu aote ndevu.

Fundi redio alitaka dainamo. "Dainamo haikuombi kitu. Unakanyaga, inawaka."

"Na akisimama?" dereva akauliza.

"Akisimama taa ya nini?"

Mwalimu akasema hilo ni swali zuri, na swali zuri kwa mwalimu lina maana kwamba siku imeisha. Kesho yake wakahamia kwenye betri. Kesho kutwa, zile za kuchaji. Mwalimu alichora kwa chaki kwenye ukuta wa kinyozi jinsi mwanga unavyotawanyika, mchoro mkubwa wenye mishale, na hadi leo wateja wapya huuliza kama ni ramani ya bomba la maji.

Kisha wakaamua kufanya majaribio. Dereva alikuwa ameazima taa kadhaa kwa muuza baiskeli, akafunga mlango, akashusha mapazia, jua la mchana likawa nje na wao gizani. Kipimo walichokubaliana ni gazeti. Kinyozi alilishika mwisho wa chumba, na taa ambayo ingemwezesha mwalimu kusoma kutoka mlangoni ndiyo ingeshinda. Walikuwa wamesahau kwamba kitini kuna mteja aliyenyolewa upande mmoja. Nilimsikia akiuliza kwa unyonge kama umeme utarudi lini.

Nikaingiza kichwa. "Shemeji, mmemuuliza mwenye baiskeli? Kwani dada anasoma gazeti akiendesha?"

"Shemeji," akanijibu, macho yakimtoka machozi kwa kumulikwa, "hili ni suala la kitaalamu."

"Alisema taa ya nyuma."

"Ya nyuma tutaijadili. Haina ubishi mkubwa."

Hapo ndipo nilipowaelewa. Taa ya mbele ina mengi: nguvu, upana, umbali, swichi. Mtu anaweza kuonyesha akili yake hapo. Taa ya nyuma ni kitone chekundu tu, huwezi kujipigia kifua kwa kitone. Kwa hiyo kila siku waliiacha hadi kikao kinachofuata.

Nilimwambia dada, "Twende tukanunue sasa hivi, dakika moja. Mimi nalipa."

Akatikisa kichwa. "Ameshawatangazia watu wote kwamba ananichagulia taa. Nikinunua mwenyewe nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wenzake."

"Na lori je?"

Dada alichukua kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi, akakitoboa matundu mawili kwa msumari, akakifunga kwa waya nyuma ya karia. Kilikuwa kibaya kukitazama, kinapiga kelele kwenye kila shimo, lakini kilionekana. Wiki hizo malori yalimpisha. Aliniambia kuna hata dereva mmoja aliyempigia honi ya kumsalimia. Nilianza kulala usingizi wangu kama zamani.

Mvua zilikwisha, vumbi likaanza, ndipo taa ikapatikana. Kusema kweli ilikuwa taa. Fundi redio aliiunganisha na betri ya pikipiki iliyofungwa chini ya kiti, na ukiiwasha unaona paka aliye mtaa wa pili anafikiria nini. Kamati nzima ilikuja nyumbani kwa dada kuifunga. Mwalimu alipima pembe. Dereva aligongagonga usukani kama anayenunua gari. Dada alisimama mlangoni na taulo begani, akashukuru kila mmoja, kisha akauliza kwa upole, "Na ya nyuma?"

"Kikao kijacho," akasema Mshauri. Alikuwa amejaa furaha, anang'aa kuliko taa yake. Akazunguka baiskeli mara moja kuikagua, akakiona kifuniko cha ndoo. Sura ikamkunjamana. "Mke wangu, hiki nacho cha nini? Watu wataona taa ya maana mbele, na nyuma takataka. Unaniaibisha." Akachukua koleo, akakata waya.

Nilisema kitu. Nilisema kwa sauti. Lakini kamati ilikuwa tayari inajadili kama mwanga hautawaudhi wanaokuja mbele, na maneno yangu yakapita hewani. Dada alinitazama tu, jicho la nyamaza.

Alfajiri iliyofuata lori la mchanga lilimgonga. Halikumgonga katikati, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ubavu wa lori ulinasa ncha ya usukani na kumrusha mtaroni. Dereva alisimama, akambeba mwenyewe hadi hospitali, huko huko alikokuwa anakwenda kuchemsha chai. Nilimkuta dereva huyo mlangoni mwa wodi, kijana wa watu, sikupata hata nguvu ya kumtukana. "Niliona mwanga mkubwa mbele, dada," akaniambia. "Nikadhani ni gari lipo mbali kule. Mwanga niliuona. Mtu sikumwona."

Kiwiko cha dada kilikuwa kimevunjika vibaya. Alipotoka kufungwa plasta, kamati ilikuwa imeshafika na imezunguka kitanda. Nilidhani wamekuja kuona haya. Kumbe walikuja na maoni. Fundi redio alisema angekuwa yeye angetia vyuma. Dereva wa zamani alimjua mtaalamu wa mifupa aliyewahi kumtibu mkurugenzi. Mwalimu aliinama akaitazama plasta na kuuliza kama pembe ile ni sahihi. Dada alikuwa amefumba macho, jasho jembamba usoni, na walibishana juu yake kama vile ni meza.

Mshauri alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akasema, "Tokeni."

Kinyozi akadhani hakusikia vizuri. "Tufanyeje?"

"Tokeni nje, tafadhali. Wote."

Wakatoka wakigongana mlangoni. Mimi nilibaki kwa sababu mimi si kamati. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa tangu nilipopata habari, na nilikuwa nasubiri tu aanze kujitetea.

"Uliniambia ya nyuma," akasema.

"Nilikwambia," dada akajibu, bado kafumba macho.

"Nyekundu."

"Ndogo."

Akakaa ukingoni mwa kitanda akalia, si kwa sauti, mabega tu yanacheza. Maneno yangu nikayameza. Bado ninayo, lakini siku hiyo sikuyatoa.

Mchana huohuo alikwenda kwa muuza baiskeli. Huyu naye, kwa mazoea, alianza kumpangia kila aina kwenye meza na kumweleza. Mshauri alinyoosha kidole kwenye ya kwanza nyekundu, ndogo, akalipa, akaondoka. Muuza baiskeli alinipitia jioni kuniuliza kama shemeji yangu anaumwa.

Plasta ilitolewa, lakini kiwiko hakikunyooka tena sawasawa. Mkono hauwezi kuinua sufuria kubwa za jikoni, na chai ya wodi nzima haichemshwi kwenye birika. Bosi wake wa jikoni alimwonea huruma, akamhamishia zamu ya mchana, kumenya na kuosha vikombe. Mshahara ni mdogo kidogo, na chai ya alfajiri ambayo aliipenda, maana alisema wagonjwa wanaoamka hai ndio watu wenye shukrani kuliko wote duniani, sasa anaichemsha mwingine. Dada anaondoka jua likiwa utosini na kurudi kabla halijazama. Gizani hapiti tena.

Taa ya nyuma imefungwa. Kila siku mumewe huja mbio kutoka stoo saa ya chakula, anainama nyuma ya baiskeli, anaiwasha, anarudi nyuma hatua chache kuhakikisha inaonekana, na katika jua lile haionekani hata kidogo. Anaridhika. Dada anapanda, anaondoka, kitone chekundu kikiwaka kwenye mwanga wa mchana kweupe. Kinyozi na wenzake wakiona hivyo huangalia pembeni.

Mimi pale barazani naona nyumba yao na naona kona pia. Dada akishakata kona anashuka, anaizima betri isiishe, kisha anaendelea na safari. Niliwahi kumuuliza mbona hamwambii tu. Akasema, "Mwache. Hii hakumuuliza mtu."

Jioni akirudi, kabla hajaifikia kona, anashuka tena na kuiwasha.