Siku Niliyoandika "Editol" Mbele ya Kamati

Mkitaka kucheka chekeni sasa tumalizane, kwa sababu kuna ukumbi mzima pale Bungoma ulishanicheka hadi watu wakapangusa machozi, na kuna fundi mmoja wa pikipiki ambaye mpaka leo akiniona sokoni ananiita Mwalimu Editol. Sitajitetea. Nilijifanya najua, na nikajulishwa.

Jina langu ni Nekesa. Miaka kumi na moja nimeandika programu za kompyuta Kitale, kwa chumba nilichokodi juu ya duka la mbegu, na kama kuna kitu nilikuwa nadharau ni zile menyu za setingi, zile za kubofyabofya na maus, uweke tiki hapa, uchague namba pale. Mimi nilikuwa mtu wa faili. Programu yangu ya kuandikia (sisi wa kazi hii tunaiita editor) ina faili moja ambamo unaweza kuandika setingi zako kwa mkono, jina la setingi na namba yake, basi, na watu wakiniona nikifanya hivyo walikuwa wanadhani mimi ni daktari wa upasuaji. Ukiniuliza menyu ni za nani, nilikuwa nakujibu, "Za wageni." (Kiburi, najua. Mungu alikuwa anasikia.)

Sasa, nafasi ya mwalimu wa kompyuta ikatokea kwa kituo kimoja cha watu wazima Bungoma, na hiyo kazi niliitaka mpaka nikaiombea kanisani. Mama yangu anakaa peke yake Matulo, magoti yamekataa, maji ya kunywa mpaka amwombe jirani, na nikiwa Bungoma ningefika kwake kila jioni badala ya kumpigia simu kutoka Kitale nikimuuliza "Umekula?" naye ananidanganya "Nimekula." Kwa hivyo siku ya kufundisha somo la majaribio nilivaa blauzi ya harusi ya dada yangu, nikafika hata mlinzi hajafungua geti.

Kamati ilikaa kando, na mwenyekiti wao alikuwa Bwana Manjit, ambaye jamii yake imeuza misumari na mabati pale mjini tangu enzi za babu yake, mzee wa maneno machache na daftari refu. Wanafunzi walikuwa wakulima, akina mama wa sokoni, huyo fundi, na pale mbele kabisa Mama Nafula, aliyestaafu kazi ya kupiga taipu ofisini, miwani imefungwa na uzi. Nikaunganisha laptop na projekta, maandishi yakatokea ukutani madogo kama sisimizi.

"Mwarimu, hatuoni," Mama Nafula akasema. "Si uongeze kidogo?"

Jamani, ningebofya mara tatu tu hiyo hadithi ingeishia hapo. Lakini kamati ilikuwa inaniangalia, na mimi nikatabasamu vile mtu mwenye kujua hutabasamu, nikasema, "Mama, menyu ni za wageni. Wacha niwaonyeshe vile wataalamu hufanya." (Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Nikafungua faili. Mjue mimi ni mtoto wa Matulo, na l na r kwangu ni mapacha. Nikiongea polepole nawatenganisha, lakini presha ikipanda wanabadilishana viti, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba hata vidole vina lafudhi. Hiyo setingi ya ukubwa wa maandishi jina lake linaanza na editor. Mimi nikaandika editol. Nikaweka ishirini na nne, nikahifadhi, hakuna kitu, kwa sababu programu yangu ikikutana na jina isilolijua ilikuwa inanyamaza tu kama mtoto aliyevunja sahani. Nikaweka arobaini. Kimya. Sitini. Kimya. "Ni mtandao uko chini," nikawaambia (mtandao haukuhusika hata kidogo), na Bwana Manjit akaandika kitu kwa daftari.

"Madam," fundi akauliza, "kwani hiyo ya wataalamu huchukua siku ngapi?"

Wakacheka. Hasira ikanishika, nikaandika mia tatu, nikahifadhi, ukuta ukabaki vilevile. Hapo Mama Nafula akainuka, akatembea mpaka ukutani, akaweka pua karibu na maandishi, akasema kwa upole, "Mwarimu, umeandika editol. Hata mimi huandika hivyo."

Woi! Nikafuta l, nikaweka r, nikahifadhi haraka haraka, na ile mia tatu nikaisahau palepale ilipokuwa.

Ukuta mzima ukajaa herufi moja. R nyeusi tii, imetoka sakafuni hadi dari, na mimi nimesimama chini ya mguu wake. "Sasa tunaona!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nikajaribu kurudi kwa ile namba niipunguze, lakini utapunguza namba gani na huioni? Nilisogeza juu nikaona mgongo wa herufi, nikasogeza chini nikaona tumbo la nyingine, jasho linatiririka, na kichwani nilikuwa namwona mama tu na ndoo yake, nikajua nimeipoteza kazi. Nilitaka kulia, na siwafichi.

"Nipishe, mwanangu," Mama Nafula akasema. Akakaa, akashika maus, akafungua menyu (menyu yenyewe haikuwa imevimba), akabofya mara tatu, akaandika ishirini na nne. Maandishi yakarudi saizi ya watu. Wakampigia makofi, na mimi nikapiga pia, ningefanya nini?

Hakuishia hapo. Akaendelea kushuka na menyu, akasimama kwa kisanduku fulani ambacho hakikuwa na tiki. "Na hiki nacho ni cha nini?" Nikasoma. Kilikuwa cha kuambia programu ikuonye ukiandika jina la setingi isilolijua.

Bwana Manjit akaweka kalamu chini. "Nani alikizima?"

Ningesema hata sijui. "Ni mimi," nikajibu. "Zamani, kwa faili. Nimekuwa nikilihamisha faili hilo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hata nikasahau."

"Ulikizima kwa nini?"

"Sikupenda kuonywa."

Mzee akacheka, bana, akacheka mpaka akavua miwani. Na mimi, kwa vile aibu ilikuwa imeisha yote, nikamwomba Mama Nafula abaki kwa kiti changu. Yeye akiweka tiki kwa menyu, mimi nawaonyesha mstari uleule unavyojiandika ndani ya faili, na watu wakaanza kuuliza maswali kwa fujo, hata huyo fundi, mpaka muda ukaisha na hakuna aliyeinuka.

"Utaanza Jumatatu," Bwana Manjit akaniambia mlangoni. "Lakini wageni wangu uanze nao kwa menyu."

Faili sijaliacha, sitadanganya. Ukihamia kompyuta mpya hakuna kitu kinalishinda. Lakini faili hukuonyesha tu kile uliandika, menyu hukuonyesha hata kile ulisahau kipo, na nimeapa sitamwita tena mtu mgeni kwa sababu ameifungua. Jioni hiyo nilishuka Matulo, nikamchotea mama maji, nikamweleza yote, editol, mia tatu, ile r. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akafikiria, akaniuliza, "Kwani hiyo menyu ilikuwa imekukosea nini?"