Mji wa Dada na Ukuta Usioonekana

Mtaani walimwita Cheche. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba ni kwa sababu ya kazi yake, maana alichomelea mageti na madirisha ya chuma katika kibanda kilichoegemea duka la rangi. Waliomfahamu walijua ipo sababu nyingine. Mteja akitelekeza geti lake mpaka likashika kutu, kisha akaja kulalamika, Cheche alimpa maneno mazito hadi mwenye duka la rangi akafunga mlango.

Mtu pekee aliyemwambia "nyamaza" naye akanyamaza alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu. Figo za huyo dada zilipogoma, aliacha kazi, maisha yake yakawa kitanda na hospitali. Siku za kusafishwa damu alirudi hoi, hawezi hata kuinua sufuria. Ndipo alipoanza kucheza mchezo mmoja wa kompyuta, ule wa kujenga kwa matofali, ambamo mlima, mti na hata ng'ombe vina pembe nne.

"Mtu mzima na midoli!" Cheche alimcheka.

"Vuta kiti, mdogo wangu. Wewe si fundi? Njoo unijengee paa."

Alivuta kiti. Kuanzia hapo, kila alipofunga kibanda alipitia kwa dada yake, na mji ukakua: shule, soko, daraja, na katikati hospitali kubwa ya paa la kijani.

Mchezo ule una vifaa vilivyofichwa. Hata uchimbe ardhi mpaka uchoke huvipati; ni lazima uandike amri, tena uwe ndiye mwenye mamlaka katika dunia hiyo. Kuna tofali linalonakili jengo na kulihifadhi. Kuna tofali linalotekeleza amri uliyoliandikia. Na kuna tofali lisiloonekana kwa macho: mchezaji anatembea, anagonga uso hewani, na hata baruti hailitikisi. Dada alivijua vyote. Milango ya hospitali aliifungia lile tofali la amri, ikawa inafunguka yenyewe mtu akisogea. Cheche alipotaka kuweka mabenchi mapokezi, dada alikataa katakata.

"Benchi la nini? Hapa hakuna kusubiri."

Akafariki kabla hawajamaliza wodi ya watoto.

Cheche hakulia mazikoni. Alirudi kibandani akachoma chuma kama mtu anayelipiza kisasi. Kwa shemeji yake, mfamasia mpole asiyejua kugomba, aliacha kabisa kwenda. Kila akimwona aliwaza: wewe upo, yeye hayupo.

Kisha mdogo wake huyo shemeji, kijana wa kujiita Bosi, akafungua ukumbi wa michezo ya kompyuta, akamwita aje apime nondo za madirisha. Cheche akaenda na futi yake, mchana kweupe. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wanaopiga kelele. Alikuwa bado anapima dirisha la kwanza pale kishindo kilipotoka kwenye spika na wote wakashangilia. Akageuka. Kwenye kioo cha kompyuta, kipande cha paa la kijani kilikuwa kinaruka angani.

Futi ilimponyoka.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Karibu, shemeji!" Bosi alikuja anatabasamu. "Kaka alinipa kompyuta ya marehemu. Nikakuta mji umeshajengwa, mkubwa ajabu! Wateja wanapenda kuulipua. Bahati yangu hiyo."

"Huo ni mji wa dada yangu."

"Si ni mchezo tu, shemeji? Na yeye hautumii tena."

Cheche alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta kuu pale pembeni, ile ya dada yake. Bosi hakuwa amebadilisha chochote. Mwenye dunia bado alikuwa dada, kwa jina na mamlaka yake. Akaketi. Kwa hasira akakosea amri, akaifuta, akaiandika upya. Akayazungushia majengo yaliyobaki matofali yasiyoonekana, pande zote na juu.

"Mbona baruti hailipui?" kijana mmoja alilalamika.

"Nimegonga kitu! Hapa pana nini?"

Bosi alimshika bega. "Unafanya nini kwenye biashara yangu?"

"Niguse tena uone."

Hakumgusa tena. Akampigia kaka yake simu. Cheche akaendelea. Labda ipo njia fupi zaidi, lakini yeye alijua ile aliyofundishwa: lile tofali la kunakili, ambalo humeza kipande kidogo tu kwa wakati mmoja. Akahifadhi soko. Akahifadhi daraja. Shule hakuikuta, palikuwa na shimo.

Shemeji alifika na koti lake jeupe la duka la dawa.

"Ulimpa mashine ya dada?" Cheche alisema bila kugeuka.

"Nilimpa kompyuta. Sikuweza kuiona pale mezani kila siku."

"Ungenipa mimi!"

"Ningekupaje? Salamu yangu tu huitikii."

"Na leo siitikii!"

Shemeji alikuja akasimama nyuma ya kiti. Miaka yote ile mkewe alipokuwa anajenga, yeye alikuwa dukani akitafuta riziki. Mji ule hakuwahi kuuona. Cheche alikuwa anaingia hospitali, na milango ikafunguka yenyewe.

"Alitengeneza yeye hiyo?" shemeji aliuliza.

"Yeye. Na ndugu yako ameibomoa nusu."

Shemeji alimgeukia Bosi. Sauti haikupanda. "Zima hizo nyingine. Zote. Mwache amalize."

Alimaliza, akatia nakala kwenye flashi, akaondoka bila kuaga. Kazi ya nondo akapewa fundi mwingine. Keshoye Bosi alifungua dunia mpya na vijana wakalipua majengo mengine. Hakuna aliyeulizia ule mji. Hilo lilimchoma Cheche kuliko matusi yoyote. Angalau wangeulizia.

Kwenye kompyuta ya kuazima aliupanga mji upya, kipande kwa kipande. Wodi ya watoto imekwenda, shule imekwenda. Alijaribu kuijenga shule kwa kukumbuka, akaifuta, akajaribu tena, akaifuta.

Shemeji alianza kupita kibandani. Mara ya kwanza alisalimu, hakuitikiwa. Safari nyingine alisimama mpaka mashine ya kuchomelea ilipozimwa.

"Naomba siku moja unioneshe," alisema. "Nitembee humo tu. Sitagusa kitu."

Cheche alimtazama. Alikuwa amekonda, na koti lake halikuwa limepigwa pasi.

"Bado nina hasira na wewe, shemeji."

"Najua."

"Sijui zitaisha lini."

"Hata zisipoisha."

Cheche aliokota kipande cha nondo, akakigeuzageuza mkononi.

"Njoo Jumapili," alisema. "Na ukiniuliza mabenchi yako wapi, nakufukuza."