Aliyemshikia Dani Kalamu

Habari ya kifo chake ilinikuta Sotik, nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaona ujumbe kwenye kikundi cha kijiji: Mama wa Kona ametuacha, watu wakutane nyumbani kwake, mwenye hema alete. Chini ya ujumbe huo pole zilikuwa zimeanza kumiminika pamoja na zile picha za mishumaa ambazo hakuna anayejua hutoka wapi. Kwanza nilihuzunika, maana huyu mama nilimjua tangu nikivaa kaptura. Kisha, kabla huzuni haijapata mahali pa kukaa, ukaniingia wasiwasi ambao haujanitoka mpaka leo ninapoandika safu hii. Mwaka ujao tunapiga kura. Nani atamshikia Dani kalamu? Kinyozi aliniuliza kama kuna shida, nikamwambia amalize tu.

Wasomaji wangu wa siku zote wamezoea kunivumilia nikianza hadithi katikati, kwa hivyo nirudi nyuma kidogo. Mama wa Kona hakuwa na cheo chochote. Tulimwita hivyo kwa sababu boma lake liko pale ambapo lori la majani chai hukata kona likitoka barabara ya Silibwet, na madereva walikuwa wakimpigia honi kama salamu. Alikuwa na chai yake kiasi, ng'ombe wa maziwa, na sauti ya chini iliyokulazimu kumsogelea. Kilichomfanya ajulikane ni mizani. Katika kituo chetu cha kununulia majani, wale ambao macho yamechoka huomba jirani awasomee kilo zao, na hiyo si kazi ndogo jinsi mgeni anavyoweza kudhani. Kilo za mtu hueleza mambo yake mengi. Zikipungua, watu wataanza kusema kwamba shamba limemshinda, au anauza majani kwa madalali kichochoroni, au mzee wake ndiye anayepeleka gunia zuri kwa jina lingine. Mama wa Kona alikuwa akiinama sikioni mwa mwenye gunia, ananong'ona, halafu anarudi kwenye foleni na uso usiosema kitu. Ukimdadisi, jibu lake lilikuwa lile lile kila mara, kwamba kilo ya mtu ni ya mtu. Nusu ya akina mama wa kituo kile walikuwa wakimngoja yeye tu ndipo wapime.

Mmoja wao alikuwa Dani. Dani maana yake ni bibi kwa lugha ya watu wa upande wa ziwa, na siku hizi hata watoto wetu wa Kikipsigis humwita hivyo wakidhani ndilo jina lake. Alikuja huku akiwa msichana, kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, akastaafu, na badala ya kurudi kwao akakodi chumba Silibwet akawa anachuma kibarua kwenye vishamba vyetu. Macho yalipoanza kufifia, Mama wa Kona akamsomea kilo. Yalipozimika kabisa, akawa anampelekea maziwa na kukaa naye mlangoni wakichambua maharagwe, mmoja kwa macho na mwingine kwa vidole. Walikuwa wakicheka sana wale wawili, na mpaka leo sijui walikuwa wakicheka nini.

Sasa, kila uchaguzi unapokaribia, watu wa upande ule wa ziwa wanaoishi huku hufunga mizigo. Mwenye duka hufunga duka, fundi huacha viatu vya watu nusu vimeshonwa, wanakwenda kwao mpaka matokeo yatoke na hasira zitulie. Sababu sitaieleza hapa. Anayeishi huku anaijua, na inaniuma kwamba anaijua. Dani naye alikuwa akienda. Kwa hivyo ingawa alijiandikisha kupigia kura katika shule yetu ya msingi tangu zamani, siku yenyewe ilikuwa ikimkuta kwao, kura yake ikiwa huku. Uchaguzi uliopita akakataa. Watoto wake walimpigia simu kutoka Kisumu wakimsihi arudi, akawaambia amechoka kukimbia na gunia kichwani, na kwamba anataka kupiga kura mara moja kabla hajafa. Alichokihitaji ni mtu wa kumwekea alama.

Sheria yetu, tuipe haki yake, imelifikiria hilo. Asiyeona anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini, mtu huyo anakula kiapo cha kutunza siri, kisha anamwekea alama kama atakavyoambiwa. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo, lakini mbele ya mawakala wa vyama, na hapo ndipo penye ugumu. Wakala ana masikio. Dani angetaja majina sita, moja kwa kila kiti, kwa sauti katika chumba kilichojaa watu wa upande mmoja, yeye mgeni, kipofu, na bado ana kodi ya chumba pale pale Silibwet. Akamchagua Mama wa Kona, ambaye wana wake walikuwa wamevaa fulana za chama cha huku tangu mwanzo wa kampeni.

Nilikuwa kwenye foleni nyuma yao, kwa hivyo hili nililiona. Wakala mmoja alisimama akasema huyu si mtoto wa huyu wala si wa kabila lake, afadhali msimamizi aandike ili kila mtu asikie. Msimamizi, kijana mwenye uso wa kuchoka, alianza kusitasita. Mama wa Kona hakupandisha sauti. Alisema, "Dani ndiye anachagua. Mimi nimechaguliwa tu, kama vile mnataka mtu yenu achaguliwe." Watu walicheka, msimamizi akamlisha kiapo, wakaingia nyuma ya kasha la plastiki la kuwekea alama wakiwa wamekumbatiana mabega. Walikaa humo muda mrefu. Walipotoka, Dani alitumbukiza karatasi zake mwenyewe, mwenzake akimwongoza mkono kwenye kila sanduku, na alipopakwa wino alikinusa kidole kama mtu anayenusa mboga sokoni.

Jioni matokeo ya kituo yakabandikwa mlangoni pa darasa. Jambo hili tunalisifu sana, na mimi mwenyewe nimelisifu katika safu hii, kwamba kila kituo kionyeshe hesabu yake hadharani ili asitokee wa kuibadilisha njiani. Sikuwa nimefikiria upande wake wa pili. Mahali ambapo karibu kila mtu amepigia mtu mmoja, zile kura chache za yule mwingine hukaa pale mlangoni peke yake, na kila anayepita anajiuliza ni za nani. Mama wa Kona alikuwa bado hajalala watu walipoanza kutaja majina. Mwalimu mmoja aliyeoa kule magharibi, kwenye ngome ya yule mwingine, akatajwa. Fundi wa viatu hakuwapo, akaponea hapo. Dani akatajwa kuliko wote.

Basi wakamwendea aliyeshika kalamu. Walikuja wanaume nyumbani kwake mchana kweupe, wakapewa chai, wakazungumza kuhusu mvua, kisha wakamuuliza kwa upole ambao uliniogopesha kuliko makelele, maana nami nilikuwa nimeketi pale. Akawaambia amesahau. Wakamwambia mtu hasahau kitu cha juzi. Akasema, "Mimi nilisahau nikitoka kwa mlango ya darasa. Kilo ya mtu ni ya mtu." Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akitafuta jina katika chama, alisimama akamwuliza mbele yetu kama anataka kumwaibisha kwa ajili ya mgeni. Mama yake akamwongezea chai kikombeni. Kwa miezi kadhaa hoteli mbili za Silibwet ziliacha kuchukua maziwa yake, na katika kikundi cha akina mama wa kanisa akawa anakaa na kiti kitupu kila upande. Mimi nami nilimuuliza siku moja, kwa ujanja wa kazi yetu, nikimwambia ni baina yetu tu. Alinitazama akasema akiniambia nitaandika, na nisipoandika nitakuwa nimebebeshwa mzigo bure. Mlangoni kwa Dani hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma jinsi nchi nyingine zinavyopiga kura, kama mgonjwa anayesoma majina ya dawa. Kuna nchi ambako karatasi hukufikia nyumbani kwa posta, ukaijaza mezani ukiwa na kikombe chako. Kuna ambako watu hupigia kura kwenye kompyuta wakiwa kitandani. Australia hupiga kura siku ya Jumamosi, asiyejitokeza anatozwa faini, na wengi hula soseji kwenye foleni. India hupandisha mashine milimani kwa ajili ya mtu mmoja tu aishiye huko. Nilifurahi kusoma hayo, kisha wasiwasi wangu ukarudi pale pale. Karatasi ikija nyumbani kwa posta, nani atamsomea Dani? Na yule mke ambaye mumewe na wana wake wamekaa meza hiyo hiyo, ataijaza vipi? Kura ikirahisishwa mpaka ikaingia jikoni, wenye nguvu jikoni wataingia nayo. Siku moja nilimweleza Dani kuhusu Gambia, ambako kwa miaka mingi watu wametumbukiza gololi kwenye pipa la mgombea, kengele ikalia ndani. Nilidhani atafurahi, maana hapo hapana cha kusoma. Akaniuliza, "Na nani ataniambia hii pipa ni ya nani, baba?"

Swali hilo nilikwenda nalo mpaka siku ya mazishi. Tulimzika Mama wa Kona kwenye kishamba chake, mvua ikitishia, lori la majani likasimama barabarani mpaka tulipomaliza. Mwanasiasa mmoja alipewa maikrofoni akazungumza zaidi kuhusu mwaka ujao kuliko kuhusu marehemu. Alisema safari hii tunataka kituo hiki kiwe safi, na watu wakapiga makofi. Nilijua maana ya safi: mlangoni pasionekane kura hata moja ya yule mwingine. Nilimtazama Dani chini ya hema, ameinamisha kichwa, na nikaona mikono yake, iliyokuwa ikisugua fimbo yake ya kutembelea tangu tuketi, imekoma. Simu za watoto wake kutoka Kisumu zimeshaanza, alikuwa ameniambia asubuhi ile.

Watu walipokuwa wakila nilimsogelea nikamwambia asihofu, nitamshikia kalamu mimi. Alinishika mkono, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe ni mtu mzuri," alisema, "lakini mdomo yako iko kwa gazeti." Hapo ndipo mwana mkubwa wa marehemu, yule yule, alipoacha sahani yake akaja akachuchumaa mbele ya Dani. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Alimwambia yeye ataenda naye kituoni amshikie kalamu, kama atakubali. Dani alinyoosha mkono akaupitisha usoni mwa yule mwana, taratibu, mpaka kidevuni.

"Si ni wewe uliuliza mama yako?" akasema.

"Ni mimi."

"Akakuambia?"

"Hapana, Dani. Hata hospitali nilimuuliza. Alikataa mpaka mwisho."

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu uchaguzi huru na wa haki, na nyingine nimeziandika mwenyewe. Sasa naamini kwamba mashine, wino na masanduku ya rangi sita vyote vinasimama juu ya kitu kimoja kidogo: kwamba katika kijiji chako yuko mtu, hata kama hapendi unayempenda, ambaye unaweza kumnong'oneza jina na jina likaishia hapo. Huku kwetu alikuwepo mmoja, na tumemzika. Serikali haiwezi kutuletea mwingine kwa lori. Itabidi atoke miongoni mwetu, na muda uliobaki si mwingi.

Dani alikaa na mkono wake begani mwa yule mwana, akigeuza uso upande wa kaburi kana kwamba kuna mtu pale wa kumuuliza. Kisha akamwambia, "Nitafikiria. Wewe kwanza anza kusomea watu kilo."